Kutafuta Chanzo cha Maji Yanayoingia katika Boti Kuukuu ya Stendraivu

Boti yenye mfumo wa stendraivu hubeba injini yake ndani, karibu kabisa na ukuta wa tezi, yaani ukuta wa nyuma wa boti, huku mguu wenye gia na rafadha (panga linaloisukuma boti) ukining'inia nje. Mfumo huu ulianza kuenea baada ya Volvo Penta kuingiza sokoni Aquamatic yake mwaka 1959, na MerCruiser ikafuata mwaka 1961. Ili mpango huu ufanye kazi, ukuta wa tezi hulazimika kutobolewa tundu kubwa, na sehemu ya tundu hilo hukaa chini ya usawa wa maji. Humo hupita shafti inayopeleka nguvu kwenye mguu, moshi wa injini, maji ya kupoza na kebo ya gia, na wakati huohuo mguu wenyewe unatakiwa ugeuke kushoto na kulia, uinuke na ushuke. Kinachotenganisha ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti ambako maji hukusanyika, na maji ya nje ni mipira michache yenye mikunjo, gasketi, klampu na sili ndogo ambazo mwenye boti huenda hajawahi kuziona kwa macho yake.

Kwa sababu hiyo, mtu anayekuta maji katika ngama ya boti kuukuu ya aina hii ana haki ya kuwa na wasiwasi, na wasiwasi huo humsukuma afanye jambo la kwanza linalomjia, ambalo kwa kawaida ni kununua mpira mpya au kupaka silikoni mahali palipoonekana na unyevu. Mimi nashikilia utaratibu mwingine: kabla ya kuuliza maji yanaingia wapi, uliza yanaingia lini. Je, huingia boti ikiwa imetulia majini na injini imezimwa, au injini ikiwa inanguruma, au boti ikiwa inakwenda kasi, au mguu ukiwa umeinuliwa, au baada ya mvua tu? Kila jibu huondoa sehemu kadhaa katika orodha ya washukiwa bila hata spana kushikwa, na linalobaki huwa dogo kiasi cha kuchunguzwa kwa tochi na kitambaa kikavu.

Mahali maji yanapoonekana hudanganya sana. Ngama imejengwa ili kukusanya maji kutoka kila upande, kwa hiyo tone lililoingia kwenye omo, yaani mbele ya boti, kupitia skrubu iliyolegea huteremka kando ya mihimili, hupita chini ya sakafu, na boti inapoinua omo wakati wa kuongeza mwendo hufika chini ya injini. Mwenye boti hulikuta hapo na kuishutumu injini. Wakati wa kuvuja haudanganyi kwa namna hiyo.

Uchunguzi wowote huanza na boti kavu, nami nasisitiza ukavu wa kweli. Ondoa mizigo, fungua vifuniko vyote vya sakafu, kumba maji kwa sponji hadi tone la mwisho, kisha pangusa kwa vitambaa na uache hewa ipite. Safisha mafuta na matope kwa sabuni, kwa kuwa juu ya uchafu mweusi huwezi kuona njia ya maji. Boti nyingi kuukuu zina povu la kuelea lililojazwa kati ya mihimili chini ya sakafu, na povu likizeeka hunywa maji na kuyarudisha ngamani kidogo kidogo kwa siku nyingi hata chombo kikiwa juu ya trela. Anayeliona jambo hilo anaweza kuapa kwamba boti inavuja, ilhali anachokiona ni maji ya zamani yanayotoka. Ndiyo maana ni vyema kuiacha boti nchi kavu, chini ya paa, na kuhakikisha kwamba ngama inabaki kavu kabla ya kuanza jaribio lolote. Iwapo haikauki, umekwisha kujua jambo moja muhimu: povu au mbao zilizomo ndani zimeloa, na hilo litahitaji kazi yake yenyewe.

Ngama ikikauka, tandaza karatasi nyeupe za kupangusia chini ya kila kiungo unachokishuku, mbali kabisa na mikanda na pulii, au chora mistari ya chaki juu ya mihimili na pembeni mwa ukuta wa tezi. Tone moja likipita juu ya chaki huacha alama ambayo haifutiki hadi utakaporudi. Kwa ukuta wa tezi napendelea unga wa talki, kwa sababu hushika hata mahali palipo wima na huonyesha mkondo mzima kuanzia juu hadi chini.

Kabla ya kuendelea, chunguza maji yenyewe ikiwa bado umeyahifadhi. Kwa boti iliyo baharini, tone likiachwa likauke juu ya kipande cha kioo cheusi litaacha utando mweupe wa chumvi, kwa kuwa kila lita ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi. Maji ya mvua hayaachi kitu. Injini inayopozwa kwa mzunguko uliofungwa ina maji yenye dawa ya rangi, hivyo rangi ya kijani, ya waridi au ya machungwa hukupeleka moja kwa moja kwenye kibadilisha joto na hosi zake. Kama boti ina tangi la maji ya kunywa au sinki, weka rangi ya chakula ndani ya tangi na usubiri. Katika ziwa au mto, ambako chumvi haiwezi kusaidia, joto la maji na utando wa mafuta juu yake ndivyo vinavyobaki kuwa mashahidi.

Jaribio la kwanza ni la mvua, na hufanyika boti ikiwa juu ya trela. Mtu mmoja hukaa ndani na tochi, mwingine hushika mpira wa maji nje, na kazi huanza chini kwenda juu: kwanza kiungo cha bodi na sitaha kinachofunikwa na ukingo wa mpira, kisha vifungo vya ngazi na jukwaa la kuogelea, kisha mifereji ya kifuniko cha injini, na mwisho kioo cha mbele. Ukianza juu, maji yatateremka na kulowesha viungo vyote vilivyo chini yake, na hutaweza kutofautisha kilichovuja na kilichomwagikiwa tu. Mifereji inayozunguka kifuniko cha injini hupuuzwa mara nyingi; ikiziba kwa majani, maji yote yaliyoangukia sitaha ya nyuma hufurika juu ya injini. Hosi za kutolea maji sitahani nazo hupasuka mahali pasipofikika, na zikipasuka hupeleka ngamani kile zilichokusudiwa kukitupa nje.

Jaribio la pili ni la injini, pia nchi kavu, kwa kutumia vikombe vya mpira vinavyobana matundu ya kuvutia maji kwenye mguu na kuunganishwa na bomba. Injini isiwashwe hata kidogo kabla maji hayajaanza kutiririka, kwa sababu impela ya pampu, yaani gurudumu lake lenye mabawa, ni ya mpira na huungua haraka ikizunguka kavu. Kabla ya kuwasha injini ya petroli, fungua kifuniko, nusa ngama, na uendeshe feni ya kutoa hewa kwa muda usiopungua dakika 4. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutulia palepale unapotaka kuchungulia. Injini ikae katika mwendo wa chini, mguu ukiwa umeshushwa, na pasiwe na mtu karibu na rafadha.

Hapa unahitaji kujua ni aina gani ya pampu uliyo nayo, kwani jibu la jaribio hutegemea jambo hilo. Katika miguu mingi ya MerCruiser ya aina ya Alpha, pampu ya maji ya nje imo ndani ya mguu wenyewe, nayo huyasukuma maji kwenda juu kwenye injini. Hivyo hosi inayopita katika ukuta wa tezi huwa na shinikizo, na ikiwa na ufa hurusha maji ngamani mara tu injini inapowashwa. Katika aina ya Bravo, pampu hufungwa mbele ya injini na huzungushwa kwa mkanda, kwa hiyo huyavuta maji. Ufa katika hosi ya upande wa kuvuta hauonyeshi maji injini inapozunguka. Badala yake huingiza hewa, na dalili yake ni injini kupata joto bila sababu ya wazi. Ukizima injini boti ikiwa majini, ufa huohuo ukiwa chini ya usawa wa maji huanza kudondosha. Nimeona watu wakibadilisha themostati na impela kwa ajili ya joto hilo huku hosi yenye ufa ikiendelea kujaza ngama kila usiku. Dalili mbili zinazoonekana kutohusiana huwa na chanzo kimoja, na anayejua upande wa kuvuta na upande wa kusukuma huziunganisha mapema.

Injini ikiwa inanguruma, angalia kwa utulivu kutoka mbele kwenda nyuma. Pampu ya mbele ina tundu dogo chini ya shafti yake, lililowekwa makusudi ili maji yatokeze humo sili inapochoka badala ya kuingia kwenye beringi. Tone hapo ni ujumbe wa wazi kwamba pampu inahitaji kufunguliwa. Kibaridi cha mafuta ya usukani huoza kwa ndani na kuvuja kwenye ncha zake. Nyumba ya themostati, gasketi za manifoldi za moshi (mabomba yanayokusanya moshi wa injini), na viwiko vinavyokaa juu ya manifoldi hizo vyote hupitisha maji, na katika maji ya chumvi chuma chake huliwa upesi zaidi. Uvujaji wa sehemu za moto ni mgumu kuukamata, kwa kuwa tone hugeuka mvuke kabla ya kuanguka. Kinachobaki ni ukoko mweupe au mstari wa kutu. Fuata ukoko huo hadi unapoanzia juu. Pia, chuma hutanuka kikipata moto, hivyo kuna gasketi zinazovuja zikiwa baridi na kuziba zikiwa moto, na nyingine hufanya kinyume. Jaribio la dakika mbili halitoshi. Iache injini ifikie joto lake la kawaida, izime, kisha uangalie tena inapopoa.

Kuna vizibo vya chuma chembamba vilivyopigiliwa katika bloku ya injini, na vile vilivyojificha nyuma ya miguu ya kufungia injini ndivyo hukaa na unyevu na kutoboka. Kioo kidogo chenye mpini hufaa sana hapa. Ikiwa boti imewahi kukaa mahali pa baridi kali bila maji kuondolewa katika injini, chunguza pia pembeni mwa bloku chini ya manifoldi, kwa maana maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9 na chuma cha kusubu hakikubali kutanuka nayo. Ufa wa namna hii huweza kuwa mwembamba kama unywele na ukaonekana tu maji yanapokuwa na shinikizo. Vuta pia kijiti cha kupimia oili: oili iliyogeuka rangi ya maziwa inasema kwamba maji yanaingia ndani ya injini yenyewe, na hapo usiendelee kuiwasha.

Nyuma ya injini, viwiko vya moshi huungana na bomba la kutokea kwa mipira minene yenye klampu mbili mbili. Mipira hii ikipasuka hutoa maji ya moto pamoja na moshi ngamani, na alama yake ni masizi meusi yaliyochanganyika na unyevu. Jambo hili ni zito kuliko maji yanayoonekana, kwa sababu moshi huo una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo inaweza kumuua mtu aliyelala katika kibanda cha boti. Ukiona masizi hapo, boti isitembee kabla mipira haijabadilishwa.

Ikiwa majaribio haya mawili yamepita na karatasi zote zimebaki kavu, basi sasa boti iingie majini. Ishushe kwenye mteremko ikiwa bado imefungwa kamba za trela, injini imezimwa, mguu ukiwa chini. Hakikisha nguruzi, yaani kizibo cha tundu la kutolea maji ya ngama, imekazwa, kisha itazame hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Nguruzi yenyewe ni kitu chepesi, lakini hesi zake, yaani mikato ya skrubu, huchakaa, na kishikizo chake cha shaba kimefungwa kwa skrubu zinazoingia katika mbao za ukuta wa tezi. Maji yakipita pembeni mwa skrubu hizo hayaonekani ngamani peke yake, bali hulowesha mbao kwa miaka. Fungua kishikizo, angalia rangi ya mbao ndani ya tundu, na ukifunge upya kwa silanti ya baharini.

Mguu ukiwa chini na boti imetulia, subiri. Kisha inua mguu taratibu hadi mwisho wake na usubiri tena, halafu ugeuze usukani hadi mwisho kushoto, na baadaye kulia. Haya mageuzi manne ndiyo moyo wa uchunguzi wote, na hayagharimu kitu. Mpira wenye mikunjo ukiwa na ufa katika bonde la mkunjo, ufa huo hujifunga mguu unapokuwa umenyooka na hufunguka mpira unaponyooshwa upande mmoja. Boti inayovuja tu mguu ukiwa umeinuliwa, au tu usukani ukiwa umegeuzwa upande fulani, imekwisha kutaja mhalifu wake na hata upande wa mpira ulipo ufa.

Mipira hii kwa kawaida ni mitatu, na haina uzito sawa. Mkubwa ni ule unaozunguka shafti yenye viungo vinavyopinda. Ukitoboka, maji hujaa ndani yake, hupita katika beringi ya gimbali, ile inayoishika shafti inapopita ukuta wa tezi, na kuingia ngamani. Kabla maji hayajawa mengi, beringi hiyo huanza kupata kutu na kunguruma, hasa unapogeuza usukani, na michirizi ya rangi ya kutu huonekana kwenye ukuta wa tezi chini ya shafti. Mpira wa moshi, kwa upande wake, ukipasuka huongeza kelele nyuma ya boti lakini kwa kawaida haupitishi maji hadi ndani, kwa kuwa bomba la moshi hupanda juu ya usawa wa maji. Mpira wa tatu ni mdogo sana, unaozunguka kebo ya gia, na kwa sababu ya udogo wake watu huusahau. Uko chini, una klampu ndogo, na ukifunguka boti inaweza kuzama ikiwa imefungwa bandarini. Kebo yenyewe pia huweza kuwa njia: ganda lake la nje likichubuka, maji hutembea ndani ya kebo na kutokea kwenye ncha iliyo karibu na injini, mbali kabisa na mahali yalipoingilia. Maji yakidondoka kutoka kwenye ncha ya kebo, kubadilisha mpira peke yake hakutasaidia.

Ili kuikagua mipira hii boti ikiwa nchi kavu, inua mguu, ugeuze upande mmoja, na ufungue kila mkunjo kwa vidole ukimulika tochi. Usitafute tundu pekee; mpira ulioanza kuonyesha nyufa nyembamba juu ya ngozi yake umekwisha kuchoka. Chaza wadogo na magamba mengine ya baharini hujishikiza ndani ya mabonde, na mguu unapoinuka makali yao hukata mpira kutoka nje. Boti iliyohifadhiwa kwa muda mrefu mguu ukiwa juu mipira yake huzoea kukaa ikiwa imevutwa, na ikishushwa baadaye hupasuka; kwa hiyo ni vyema mguu ushushwe wakati wa kuhifadhi. Iwapo hujui mipira iliwekwa lini, ihesabu kuwa ni mizee na uibadilishe yote mitatu kwa pamoja, kwa kuwa kazi kubwa ni kuuondoa mguu, si kununua mpira.

Mguu ukiondolewa, usikose kuangalia pini ya juu ya usukani inayopita katika ukuta wa tezi. Bushi na sili zake huchakaa, na maji huteremka kando ya pini hiyo kuingia ndani, hasa boti inaporudi nyuma au mawimbi yanapopiga tezi. Uvujaji huu ni mdogo, huja na kuondoka, na huonekana kama maji ya mvua yaliyopotea njia. Dalili nyingine ni mguu kucheza ukitikiswa kwa mkono.

Gasketi kubwa kati ya kiunzi cha chuma na ukuta wa tezi yenyewe ni ngumu na hudumu, ila hutegemea kitu kimoja: ukuta uwe mgumu. Katika boti nyingi za zamani ukuta huo ni plaiwudi iliyofunikwa faibaglasi pande zote mbili, unene wake ukiwa takriban sentimita 5. Plaiwudi ikiloa na kuoza, nati zinapokazwa ukuta hubonyea, gasketi hukosa mahali pa kujiegemeza, na nati zinabaki zimelegea hata ukizikaza tena na tena. Gonga ukuta kwa nyundo ya plastiki kuanzia juu hadi chini ukisikiliza: mbao nzima hutoa mlio mkali, mbao iliyooza hutoa mlio mzito na mfu. Ukiwa bado na shaka, toboa tundu dogo kutoka ndani, mahali pa chini, na uangalie vumbi linalotoka. Vumbi jeupe na kavu ni habari njema. Lililo jeusi na lenye kushikamana linasema ukuta unapaswa kujengwa upya. Hapa nataka niseme wazi kwamba silikoni inayopakwa nje kuzunguka kiunzi ni madhara kwa boti. Hufungia maji ndani ya mbao, huficha dalili, na humfanya mnunuzi au fundi wa baadaye apoteze muda mwingi kuifikia hitilafu.

Kuna jaribio la kinyume ambalo mafundi wengi hulipenda, la kujaza maji ngamani boti ikiwa juu ya trela na kutazama yanapotokea nje. Nalikubali kwa masharti. Ni zuri kwa kutafuta matundu ya skrubu, kishikizo cha nguruzi, vitobo vya bodi na nyufa za faibaglasi, hasa maji yakitiwa rangi kidogo. Lakini kila lita 100 ni kilo 100 zinazolemea bodi iliyoegemea mbao chache za trela. Betri inapaswa kukatwa, na maji yasifike kwenye stata ya injini, ambayo hukaa chini. Kwa mipira ya mikunjo jaribio hili halina maana kubwa, kwa kuwa shinikizo huja kutoka upande usio wake.

Hubaki zile boti zinazovuja zikiwa safarini tu. Mpe mwenzako usukani, wewe weka kamera ndogo au simu pamoja na taa ndani ya chumba cha injini, ufunge kifuniko, na mwanze safari. Hakuna sababu ya kuweka kichwa karibu na mikanda inayozunguka boti ikiwa kasini. Skrubu za jukwaa la kuogelea na za mabawa ya kusawazisha boti husukumwa na maji kwa nguvu ambayo hazipati boti inapotulia. Na kuna mshukiwa mmoja anayestahili kutajwa kwa ukamilifu. Boti nyingi za zamani hupima mwendo kwa tundu dogo mbele ya mguu au chini ya ukuta wa tezi, ambalo hupokea msukumo wa maji na kuupeleka kwa mrija wa plastiki hadi kwenye kipimo kilicho mbele ya nahodha. Katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa msukumo huo hukaribia baa 1. Mrija huo ukikatika au ukichomoka nyuma ya kipimo, maji hurushwa ndani kwa kasi boti inapokimbia na hukoma kabisa inaposimama, na hakuna jaribio lolote la nchi kavu litakaloonyesha hilo. Kuuziba mrija ni kazi ya dakika chache.

Katika muda wote huo, pampu ya ngama isiachwe iwe kifuniko cha tatizo. Tundu la milimita 6 lililo sentimita 30 chini ya usawa wa maji huingiza takriban lita 2.5 kwa dakika, yaani lita 150 kwa saa na zaidi ya tani 3 kwa siku. Pampu inayotoa lita 1,500 kwa saa na kutumia ampea 3 itafanya kazi dakika 6 tu kila saa kuyatoa maji hayo, na mwenye boti akirudi kesho atakuta ngama kavu na kuamini kwamba kila kitu ni shwari. Hata hivyo, betri inapungukiwa na takriban ampea-saa 7 kwa siku, kwa hiyo betri ya ampea-saa 100 hufikia nusu yake ndani ya wiki moja, na siku itakayokwisha hakutakuwa na kitu cha kuzuia maji. Kipimo kidogo kinachohesabu mara ambazo pampu imewaka ni chombo cha bei nafuu na hueleza zaidi kuliko macho. Angalia pia hosi ya pampu yenyewe: ikiwa tundu lake la kutolea liko karibu na usawa wa maji, boti ikibeba abiria wengi nyuma tundu huzama na maji hurudi ndani kwa njia ileile yaliyotokea. Hosi ipandishwe juu na kukunjwa kabla ya kuteremka kwenye tundu.

Ukikamilisha matengenezo, rudia jaribio lilelile lililoonyesha hitilafu, katika hali ileile: mguu ukiwa juu kama ulikuwa juu, usukani ukiwa kushoto kama ulikuwa kushoto, injini ikiwa moto kama ilikuwa moto. Tandika karatasi mpya na uiache boti majini usiku mmoja ukiwa karibu nayo. Katika chombo cha umri huu ni kawaida kukuta uvujaji wa pili uliokuwa umefunikwa na ule mkubwa, kama vile hesi za nguruzi zinazodondosha tone kila dakika, ambazo hazikuweza kuonekana maji yalipokuwa yakipita kwa wingi kwenye mpira wa shafti. Hilo nalo hutafutwa kwa njia ileile, kuanzia ngama kavu na swali la lini, na boti isiachwe peke yake majini hadi karatasi zilale na kuamka zikiwa kavu.